Sultani Aliyetaka Kusimamiwa na Malaika

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mkeka na wa kuukalia!

Basi ukalieni vizuri, sogezeni miguu moto usiwaunguze. Na wewe hapo unayepasua karanga, pasua polepole, maana Sultani wangu ana hasira za karibu.

Hapo kale, katika mji wa Kirindo, alikuwako Sultani jina lake Chande. Sultani Chande alipenda jambo moja kuliko tende na asali: alipenda kusimamiwa. Akipita njiani, mpiga mbiu hutangulia: "Sultani anapita! Mzee simama, mgonjwa simama, mwenye tonge kinywani ameze asimame!" Watu wakasimama. Hata mbuzi wake alifundishwa kusimama kwa miguu ya nyuma, na mbuzi yule alikuwa akimtazama Sultani kwa macho ambayo mimi nisingependa kutazamwa nayo.

Katika mji huohuo alikuwako Bi Mize, msusi wa mikeka. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na shamba. Alikuwa na zeze la kamba moja, alilochongewa na marehemu mama yake. Kila alasiri akiweka ukindu chini, Mize huketi barazani akapiga na kuimba:

*Lia zeze langu, lia,*
*mama hatanirudia,*
*sauti kakuachia,*
*lia zeze langu, lia.*

Wanawake waendao kisimani wakisikia, hutua mitungi. Hujikumbatia mikono kama wenye baridi, na jua linawaka. Kisha huambiana, "Jamani, Bi Mize akipiga zeze, malaika husimama!"

Sasa, juu ya ua wa Bi Mize alikuwako Kasuku wa Sultani. Kasuku mnamjua: habari huichukua nzima nzima, lakini maana yake huiacha palepale ilipo. Akaruka mbio hadi jumbani.

"Seyidi, nina habari!"

"Sema."

"Bi Mize, msusi wa mikeka, akipiga zeze, malaika husimama."

Tende ikamwanguka Sultani mkononi. "Malaika?"

"Malaika."

"Husimama?"

"Husimama, Seyidi."

"Lo! Mimi nasimamiwa na wazee wenye magoti mabovu na mbuzi mmoja mwenye kinyongo, na msusi wa mikeka asimamiwe na malaika? Haiwezekani! Aletwe!"

Mize akaletwa, zeze kifuani. Sultani akamwambia, "Ewe Mize, nasikia ukipiga zeze, malaika husimama. Basi nisimamishie na mimi. Ukishindwa mara ya kwanza nitakusamehe. Ukishindwa mara ya pili nitakuvumilia. Ukishindwa mara ya tatu, zeze hilo litachanjwa kuni, lichemshe kahawa yangu."

Mize akalikumbatia zeze lake. Aliona heri wachanje mkono wake.

Siku ya kwanza Sultani akavaa joho, akafukiza ubani, akaweka viti vitatu vya enzi na sinia la halua. Mize akadhani wanatarajiwa wageni. Akapiga: *Lia zeze langu, lia...* Waziri akajishika mabega. Askari wa mlangoni akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Sultani? Sultani alikuwa ameukodolea macho mlango.

Wimbo ukaisha. "Mbona viti vitupu?" akauliza Sultani.

Mize akasamehewa, akaenda zake.

Siku ya pili Sultani akavaa joho juu ya joho, akapanda darini ili awaone wakishuka. Mize akapiga: *mama hatanirudia...* Chini uani wapishi wakaacha vyungu vikaungua, na wali siku hiyo ulikuwa ukoko mtupu. Sultani alikuwa ameikodolea macho mbingu. Akapita kunguru mmoja, naye hakusimama.

"Sijaona hata unyoya mmoja wa maana!" Sultani akafoka. "Kesho kahawa!"

Mize akarudi nyumbani akalia. Alilia kweli kweli, wala hakujificha. Akasema, "Mama, ulikufa mara moja nikavumilia. Wewe kufa mara ya pili, kwa ajili ya kikombe cha kahawa, siwezi."

Kasuku akatua dirishani kutafuta makombo. Mize akamuuliza, "Kasuku, ulimwambia nini Sultani?"

"Nilimwambia yasemwayo kisimani. Bi Mize akipiga zeze, malaika husimama."

"Na yeye akaelewa nini?"

"Kuelewa si kazi yangu. Lakini ameuliza wapishi kama wenye mbawa hula halua ya lozi."

Mize akaweka zeze chini. Akautazama mkono wake. Akavitazama vile vinyweleo vyembamba vya mkononi, vile ambavyo mimi na nyinyi na bibi zetu wote tunaviita malaika. Akaanza kucheka na machozi yangali yanatoka. "Kasuku we! Wanawake walisema malaika ya mwilini, wewe umempelekea malaika wa mbinguni!"

"Neno lilikuwa hilohilo," akasema Kasuku, akadonoa kombo.

Lakini kicheko kikamkauka Mize. Nani atamwambia Sultani kwamba amekosea? Waziri wa zamani aliwahi kumsahihisha neno moja tu, akapelekwa kuchunga bata, na mpaka leo yuko na bata. Mize akafikiri, akafikiri, akafikiri.

Siku ya tatu Sultani akavaa majoho matatu. Jasho linamtiririka, mpishi yuko kando na shoka, birika liko tayari. Mize akapiga magoti.

"Seyidi wangu, malaika wana haya. Ukiwakodolea macho hawasimami. Fumba macho."

Sultani akafumba.

"Wakifunikwa pia hawasimami. Vua majoho."

Akavua la kwanza, akavua la pili, akavua la tatu, akabaki na kanzu.

"Na wanataka mahali pa kusimama. Kunja mkono wa kanzu, unyooshe mkono wako mbele."

Sultani akanyoosha mkono. Hapo, wasikilizaji wangu, nani amesema uongo? Mimi sikusikia uongo.

Mize akapiga. Hakumpigia Sultani. Alimpigia mama yake, kama vile anamuaga.

*Lia zeze langu, lia,*
*mama hatanirudia,*
*sauti kakuachia...*

Kwa kuwa alikuwa amefumba macho, Sultani hakuwa na mlango wa kuutazama wala mbingu ya kuichungulia. Kwa mara ya kwanza akasikia. Akamkumbuka mama yake mwenyewe, ambaye hakuwa amemkumbuka tangu akalie kiti kile. Yule peke yake hakuwahi kumsimamia Chande. Chande ndiye aliyekuwa akiondoka kitini mama akiingia. Kitu cha baridi kikamtambaa kutoka kisogoni, kikashuka mgongoni, kikamfikia mkononi.

"Wamekuja!" akanong'ona. "Mize, wamekuja! Ni wangapi?"

"Fumbua macho uwahesabu mwenyewe, Seyidi."

Akafumbua. Viti vitupu. Akautazama mkono wake. Laika moja limesimama, laika la pili limesimama, mkono mzima umesimama mithili ya shamba la mpunga.

Mpishi akashika shoka. Kasuku, aliyekuwa juu ya kiti cha katikati na halua mdomoni, akasema, "Malaika YAmesimama, Seyidi. Si WAmesimama."

Mize akafumba macho yake, akaona bata.

Sultani akavuta pumzi. "Tangu nirithi mji huu," akasema, "sijasimamiwa na yeyote bila mpiga mbiu kutangulia. Haya yamesimama yenyewe."

Na watu wakaona jambo ambalo Kirindo haijapata kuliona. Sultani alikuwa wima. Alikuwa ameondoka kitini bila kujijua, mbele ya msusi wa mikeka, kama mtu ambaye mama yake ameingia.

Tangu siku ile mpiga mbiu alifanywa mpishi mdogo, wazee wakakaa na magoti yao, na mbuzi akarudi kwenye miguu minne. Zeze halikuchanjwa. Kila alasiri ukipita barazani kwa Bi Mize utamkuta mtu mnene amekaa mkekani, kafumba macho, mikono wazi.

Maana yake ni hii: heshima ya kuamriwa huishia magotini, ya kweli huanzia moyoni, husimama yenyewe.

Ngano yangu nimeikunja kama mkeka. Anayeitaka aikunjue kwao. Kama imewasisimua, nionyesheni mikono. Kama haikukusisimua, wewe wa karanga, vua koti kwanza.