Maksai Wanne wa Lugembe

Mkulima mmoja, jina lake Lugembe, alibakiwa na maksai wanne. Ukame ulikuwa umemfagilia zizi zima, mitamba na ndama, ukamwachia hao wanne tu kwa sababu walikuwa wagumu, wamezoea nira na wamezoea njaa. Mkewe, Holo, naye alibakiwa na kibuyu cha mbegu za mtama, kimening'inia juu ya meko. Watoto walilia njaa chini ya kibuyu hicho mwaka mzima, na Holo hakukishusha. Alijua kwamba maksai wale na mbegu zile ndio mwaka ujao wa nyumba yake.

Mmeniita mimi mchungaji wenu nifungue mkutano wa timu ya mpira wa magongo kwa neno fupi, kabla hamjapiga kura ya kubadilishana wachezaji. Neno langu ndilo hili la Lugembe. Msilitafutie utamu, halina.

Kati ya maksai wale, wa mbele kulia aliitwa Sajini. Kule kwao ng'ombe mchanga hafundishwi kulima na mtu. Hufungwa nira moja na mkubwa, na akishtuka, akitaka kukimbia au kulala, hugeuza shingo na kumkuta mwenzake anavuta taratibu kana kwamba hakuna lililotokea. Basi naye huvuta. Sajini alikuwa amewalea wengi kwa namna hiyo. Lugembe alilijua jambo hilo tangu utoto wake, hakuhitaji kukumbushwa.

Lakini aibu ilimwingia. Kila aliyepita njiani alilitupia jicho zizi lake, kisha akatazama pembeni, na Lugembe aliliona hilo jicho. Ndipo akaja Nkwabi, mtu mwenye mashamba makubwa ng'ambo ya mto. Akamwambia kwamba maksai wake wamekula chumvi nyingi, na kwamba mtu mwenye akili huanza upya kabla hajalazimishwa. Akamwahidi madume sita wachanga, wenye mifupa minene na manyoya ya kung'aa, kwa wale wanne. Wote wanne, alisema. Mmoja mmoja hataki. Kilabuni, kwenye pombe, wanaume walimsifu Lugembe hata kabla hajakubali. Walisema huyu ndiye anayeona mbali. Hakuna hata mmoja wao ambaye shamba lake lingelala kama ng'ombe hao wangeshindwa kulima.

Holo alimsikiliza mumewe mpaka mwisho.

"Baba Minza, toa mmoja, hata wawili, sikukatazi," akasema. "Ukiwatoa wote, hawa wachanga utawafunga nira na nani?"

Lugembe akamjibu kwamba yeye anaangalia miaka, na mkewe anaangalia chungu cha jioni. Kesho yake akawavusha mto wote wanne.

Mvua ilinyesha kama watu walivyoomba. Lugembe akafunga mchanga kwa mchanga, maana hakuwa na namna nyingine. Mmoja alivuta kuelekea mtoni, mwingine akalala chini. Aliyeshtuka aligeuza shingo, akakuta mwenzake naye ametoa macho. Plau ikachimba mashimo. Akawapiga, akawapiga tena, kwa hasira ya mtu anayejua kwamba kosa si lao, hadi nira ikavunjika. Holo na watoto wakaingia shambani na majembe ya mkono, wakalima kipande cha kutosha kumzika mtu.

Basi Lugembe akavuka mto kwenda kuomba maksai wa kumlimia. Nkwabi hakukataa, ila alimaliza kwanza mashamba yake. Walipokuja, mvua ilikuwa imeshachoka. Sajini alikuwa mbele kulia, mahali pake pale pale, na kushoto kwake amefungwa dume mchanga wa Nkwabi, anajifunza. Jioni walipofunguliwa nira, Sajini hakuelekea mtoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye zizi la Lugembe, akalala pale alipozoea kulala, ikabidi afukuzwe kwa fimbo. Aliyeshika fimbo ni Lugembe mwenyewe. Inaniuma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mtama uliota kwa kuchelewa, ukakauka ukiwa umefika magotini. Mbegu chache zilizosalia kibuyuni Holo alizishusha kwa mkono wake, akazipika, na watoto wakashiba siku moja.

Mnadhani Lugembe alijifunza? Wale sita walikuwa sasa wamekua, wakaidi kwa sababu ya kipigo, naye akasema wametoka ukoo mbovu. Akamrudishia Nkwabi, akapewa ndama wanane. Nkwabi akawafunga wale wakaidi kwa zamu ubavuni mwa Sajini, na mvua zilizofuata wote sita walikuwa wanalima, tena wanalima vizuri. Kilabuni wanaume wakasema Lugembe anajenga zizi upya. Anajenga mpaka leo. Safari hii Holo hakuwa tena na mbegu za kutetea.

Najua timu yenu imeshika mkia misimu miwili, na najua mnavyochekwa mkipita sokoni. Najua pia kwamba maksai huzeeka, na Sajini naye hakuumbwa aishi milele. Lakini ninyi mmekuja hapa kuwatoa nahodha, golikipa na viungo wote wawili kwa mpigo mmoja, mpewe vijana wenye mbio, na mmeshaanza kupongezana kabla ya kura. Vijana hao siwachukii. Nawahurumia. Siku watakayofungwa goli la tano, mmoja wao akashtuka na kugeuza shingo pembeni, atamkuta nani?