Laini Tatu za Bibi Nampombe

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime kwanza, maana kisa hiki ni cha simu na sitaki kishindane nayo.

Kule milimani Upareni, katika kijiji cha Kizungo, aliishi mjane mmoja mkulima wa tangawizi, Bibi Nampombe. Mungu alimjalia mabinti wanne. Eliwaza, wa kwanza, mshonaji wa Arusha, alikuwa na kipaji cha kutosahau: ukimwagiza jambo leo, mwakani atakukumbusha wewe. Nakunda, wa pili, msusi wa Moshi, alikuwa na kipaji cha maneno. Mteja huketi na huzuni zake akainuka anacheka. Foibe, wa tatu, mpishi wa hoteli huko Tanga, alikuwa na kipaji cha watu. Hakuna alikopita asiache rafiki. Kitindamimba ni Aneti, na huyo alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya kwao.

Zamani Kizungo ilikuwa na mnara mmoja wa simu, wa kampuni moja, na kampuni ikiwa peke yake hujipangia bei kama mwenye kisima wakati wa kiangazi. Watu walibipu tu wakakata. Kisha ikaja kampuni ya pili, ikashusha bei; ya kwanza nayo ikashusha. Ikaja ya tatu, ikagawa dakika za bure kwa wateja wake wakiongea wao kwa wao. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini hapa fahali walipigana, nyasi zikapata mbolea. Kina mama waliokuwa wakisikia sauti za watoto wao Krismasi kwa Krismasi, sasa walizisikia huku wakipepeta maharage.

Ila vita vile viliingia mpaka ndani ya nyumba. Kila binti alimnunulia mama laini ya kampuni yake, na simu ya mama, kitochi, ilikuwa na nafasi ya laini moja tu. Moja ikiwa kazini, mbili zililala kwenye fundo la pindo la khanga.

"Mama, jana hukupatikana," Eliwaza alikuwa akilalamika.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Nakunda alikuwa akiuliza, kama mke mwenza.

Foibe hakuuliza, na ndiye aliyekaa pindoni kuliko wote. Jambo hilo lilimuuma mama kila alipolifungua lile fundo.

Sasa, mchana mmoja, Bibi Nampombe alikuwa bondeni akichimba tangawizi. Aneti alikatazwa jembe, basi alikaa pembeni akipukutisha udongo. Wote waliamini siku zake bado. Mara akashika kiuno.

"Mama, maji yamenitoka."

Ndani ya simu ilikuwemo laini ya Nakunda, na mtandao haukuwepo. Akachomeka ya Foibe, kimya. Akachomeka ya Eliwaza, ya ule mnara wa kwanza, ghali lakini unaofika mpaka mabondeni, nayo ikashika. Laini isiyowekewa vocha hufungwa, na Eliwaza hakuwahi kusahau kuiwekea, hata miezi ambayo mama hakuigusa. Salio lilitosha simu moja fupi, kwa jirani yake Mama Kiondo. "Mama Kiondo, Aneti anajifungua, tuko bondeni, leteni machela." Ikakata. Wanaume waliacha majembe yao, wakambeba Aneti kwa kupokezana mpaka juu barabarani. Bila laini ya Eliwaza, wangebaki kule chini.

Barabarani hapakuwa na gari. Gari lililokuwepo, la kijana Mbwambo, lilikuwa limeshaanza kushuka Same na shehena ya tangawizi. Madereva wa mlimani wote walikuwa kwenye kampuni ya dakika za bure, na Foibe, akija likizo, alipanda gari la Mbwambo, akaiweka namba ya kijana huyo kwenye laini aliyomnunulia mama. "Siku moja utamhitaji," alisema. Mama akaichomeka laini hiyo.

"Geuza gari, mwanangu. Ni Aneti."

Mbwambo akashusha magunia ya watu kando ya njia, akageuza. Bila laini ya Foibe, gari lingefika Same.

Lakini mtoto hakusubiri kituo cha afya. Garini, kwenye kona, kichwa kilitokeza, na kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Muuguzi wa kituo, Sista Vumilia, alitumia kampuni ya Nakunda, na Nakunda kila wiki alimwekea mama kifurushi cha kuongea mpaka mtu achoke, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kukata simu. Mama akaichomeka, akapiga, na Mama Kiondo, aliyepanda nao garini, akamshikia simu sikioni.

"Bibi, usivute," muuguzi alisema. "Ingiza kidole chini ya kamba. Taratibu. Ipitishe juu ya kichwa."

Bibi Nampombe akaingiza kidole, akaitafuta kamba.

"Bado nipo, Bibi. Sikati."

Aliongea naye mpaka mtoto akalia. Bila laini ya Nakunda, mtoto asingelia. Na gari liliposimama mlangoni, Aneti alikuwa akivuja damu. Akadungwa sindano, akatundikiwa dripu, akapona. Mtoto alikuwa wa kike.

Wakwe wa Aneti wakatuma neno: "Jina atoe bibi yake, ila liwe la aliyewaokoa." Kwao jina si mchezo. Mwenye jina ndiye somo wa mtoto, ndiye humshonea gauni la kwanza, na uzeeni mtoto huyo ndiye atakayemchotea maji.

Mabinti wakaja. Eliwaza, ambaye hakujaliwa mtoto, alimpakata kichanga, akasema polepole, "Mama, mimi hakuna atakayeniita mama. Niache niitwe somo." Nakunda, aliyemzika binti yake mwaka uliopita, alishika kiguu cha mtoto, hakukiachia. Foibe alisema, "Wape dada zangu, Mama. Mimi nimezoea pindoni." Alisema akicheka, na kicheko kile kilimkata mama maini.

Akamgeukia Aneti. "Wewe ulikuwepo. Niambie."

"Mama, mimi nilifumba macho. Sikuona ni laini gani iliyokuwa ndani."

Kijiji kikagawanyika, na Mpare mnamjua, kesi haimchoshi. Najua pale nyuma kuna mjanja anayetaka kusema mtoto apewe majina matatu. Kaa chini. Kizungo husema mtoto wa somo watatu hana somo. Kila mmoja atadhani mwenzake ameshamshonea gauni.

Ni Jumapili kanisani. Mchungaji ameshatia mkono kwenye maji. "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Bibi Nampombe amefungua mdomo. Mbele yake wamesimama mabinti zake watatu, anawapenda wote, na anajua jina lolote litakalotoka litawaliza wawili. Wewe uliyenisikiliza, simama mahali pake. Ungetamka jina la nani?