Fuko Alipouza Mashimo

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na shimo.

Shimo la nani?

Tuambie wewe, usitufiche.

Siwafichi. Ila kaeni vizuri kwanza, maana ngano ya leo haina mbio nyingi. Aliyekuja kucheka atacheka kidogo, na asiyetaka kulia asogee nyuma.

Hapo kale palikuwa na Fuko. Fuko mnamjua: mnyama mdogo, unamfumbata kwa mkono mmoja, anaishi chini ya ardhi, macho yake ni kama hayapo. Lakini masikio kajaliwa, na makucha kajaliwa. Mwaka mmoja wa ukame alikuwa akichimba kutafuta mizizi, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, akasikia kwa mbali mtu analia. Akasimamisha makucha.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Kanga. Nimetia kichwa shimoni nilie, watoto wangu wasinione."

Fuko hakuwa na maji ya kumpa, wala punje. Akamwambia, "Basi lia, nakusikia."

Kesho yake Kanga akarudi pale pale. Keshokutwa akaja na Nungunungu, naye alikuwa na lake moyoni. Fuko akaona njia moja haitoshi. Akachimba, kwaru-kwaru, mpaka nyumbani kwa Nungunungu. Akachimba, kwaru-kwaru, mpaka kwa Digidigi kule vichakani. Akachimba, kwaru-kwaru, mpaka mbuga nzima ikawa na mashimo, na chini kwa chini yote yameungana. Ukisema neno mlangoni pako, linasikika katika kila mlango. Mtu anakaa kwake, pua shimoni, anazungumza na mtu wa upande wa pili ambaye hajamwona maishani. Walitaniana humo, wakagombana humo, wakapatana humo, na wengine waliposa humo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ana meno mangapi.

Na palikuwa na ada moja. Kila alfajiri, kabla ya salamu, Fuko huuliza, "Nani hayupo?" Wenzake wanajibu mmoja mmoja. Kanga, "Nipo." Nungunungu, "Nipo." Digidigi, "Nipo." Hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Kimya kikitokea mahali pa mtu, watatu wanaondoka hapo hapo kwenda kumtazama. Asubuhi moja Digidigi hakujibu. Wakamkuta mguu umenasa mtegoni, ulimi nje, wakamnasua. Tangu siku hiyo hakuna aliyeichezea ada ile.

Mwenye kuhesabu alikuwa Fuko. Yeye hakuhesabiwa na mtu, maana anayeuliza anajulikana yupo. Hilo lishikeni.

Ikapita miaka. Kila masika maji yaliingia mashimoni, kuta zikaporomoka, buu, na Fuko akazifukua upya peke yake. Yakaja masika ya ishirini, makucha yamelika kama mwiko wa zamani. Akikwaruza, udongo hautoki. Hata mizizi ya kula ikamshinda. Akawa analala na njaa, na alfajiri anauliza vile vile, "Nani hayupo?" kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Sasa mtoni alikaa Kiboko. Kiboko alikuwa na mto mzima, na majani yote ya kando, na ngiri arobaini wa kumtumikia. Lakini kila alfajiri aliwaona wanyama wameinamia ardhi, matako juu, wanaongea na kucheka, na yeye hakuna anayeongea naye. Jambo hilo likamuuma. Na kitu kikimuuma Kiboko, hukinunua.

Akaja, ndi, ndi, ndi, mchanga ukimdondokea Fuko kichwani.

"Mzee Fuko, nasikia umechoka."

"Nimechoka, bwana mkubwa."

"Niuzie mashimo. Nitakupa kilima changu cha ng'ambo ya mto. Kimejaa viazi mwitu, vimeota juu juu, havihitaji kucha. Mashimo watayatunza ngiri wangu, masika na kiangazi. Mimi sibadilishi kitu."

Fuko alikuwa mdogo, hakuwa mjinga. Aliposikia "sibadilishi kitu," manyoya yalimsimama. Lakini tumbo nalo lilisikia "viazi." Nisiwadanganye: tumbo lilisikia kwanza.

Akauliza, "Unanunua nini, bwana mkubwa?"

"Mashimo."

"Unanunua nini tena?"

"Njia zake, na milango yake, na udongo wake."

"Na wanaozungumza humo?"

Kiboko akacheka, hu, hu, hu, ndege wakaruka mitini. "Hao nao ni wa kununua? Watakwenda wapi? Wataongea hapo hapo walipozoea, na watanisikiliza mimi kwanza."

Fuko alikuwa ameuliza mara tatu, na mwenzake alikuwa amejibu mara tatu.

Kiboko akaweka na sharti. "Ukishaaga, mdomo wako usiutie tena shimoni, wala kucha lako lisichimbe tena hata kishimo cha kuwekea yai. Sitaki ukaanzishe mengine kule kilimani."

"Mdomo sitii, na kucha silitii," akasema Fuko.

"Apa."

Akaapa.

Alfajiri iliyofuata wote walipokwisha kujibu, Fuko alisema, "Jamani, nimeuza."

Digidigi ndiye aliyeanza kusema.

"Umetuuza, babu?"

"Nimeuza mashimo."

"Na sisi tumo mashimoni."

"Nina njaa, mjukuu wangu," akasema Fuko. "Nina njaa tangu mwaka juzi. Makucha yameisha. Masika yajayo kuta zitaanguka, na mimi sitaweza kuziinua."

Nungunungu akaja juu. "Kila siku unatuuliza nani hayupo. Tangu mwaka juzi unakufa njaa, na sisi tunakusimulia mambo ya harusi. Kwa nini hukusema?"



Kanga akasema taratibu, "Mimi nilikulilia wewe. Wewe ulikuwa unamlilia nani?" Kisha akalia, pale pale kwenye shimo lile la kwanza, na Fuko akamsikiliza kama siku ile.

Sasa niwaambie jambo ambalo Kiboko hakulijua. Mafuko tangu enzi, kabla ya mashimo marefu, huitana kwa kugonga. Anapiga paji la uso juu ya dari ya shimo, ndu, na mwenzake aliye mbali anausikia mgongo wa ardhi ukimwambia. Fuko hakuwahi kuwafundisha wenzake jambo hilo. Mashimo yalikuwa yanatosha, kisha, tuseme kweli, alipenda kusikia sauti zao.

Siku ya kuagana ikafika. Kiboko naye akaja, asije akaibiwa. Akajilaza topeni kando ya mlango mkubwa, tope limemfika mbavuni, sikio moja kalielekeza shimoni. Fuko akatia mdomo.

"Ndugu zangu," alisema, "leo ndiyo mara yangu ya mwisho kuwaambia neno humu. Nilikuja kutafuta mizizi, nikawapata nyinyi. Kama kuna niliyemjibu vibaya asubuhi, ilikuwa njaa, anisamehe. Kama kuna niliyesahau kumjibu, huyo hasa anisamehe. Sasa nitawaita mmoja mmoja, niwaage. Naomba msinijibu kwa sauti, mtaniliza. Gongeni chini kwa mguu, basi."

Kiboko akanong'ona juu ya mlango, "Kwa nini wasijibu kwa sauti?"

"Ni ada ya msiba, bwana mkubwa."

Kiboko akaridhika.

"Kanga," akaita Fuko. Kanga akagonga: tu-tu. "Nungunungu." Akagonga, na miiba ikafuata: ndu, cha. "Digidigi." Akagonga: ti. Wakaitwa wote, na kila mguu ulikuwa na mlio wake, kama kila sauti ilivyokuwa na yake. Fuko aliwashika wote kichwani.

"Sasa tokeni milangoni," akasema. "Rudini nyuma hatua mia moja, kila mtu alipo. Mkifika mgonge tena."

"Kwa nini warudi nyuma?" akauliza Kiboko.

"Wananipisha, bwana mkubwa. Mtu akiondoka, hupishwa."

Wakarudi nyuma hatua mia, mbali na kila shimo. Wakagonga. Na hapo kila mmoja akasimama ameduwaa, mguu umebaki hewani, maana alikuwa amewasikia wenzake wote, kwa nyayo, bila shimo. Tu-tu kutoka kwa Kanga. Ndu, cha, kutoka kwa Nungunungu. Ti, kutoka vichakani. Kiboko hakusikia kitu. Alikuwa topeni, na tope halisemi.

Waliporudi milangoni, Fuko alikuwa na neno moja tu. "Kanga, wewe ndiye uliyeanza. Kuanzia kesho uulize wewe."

Akatoa mdomo shimoni. Hakuutia tena.

Alfajiri ya kwanza Kiboko akajitwisha ubwana. Akatumbukiza mdomo wake mkubwa kwenye mlango mkubwa akanguruma, "Mimi ni Kiboko, ndiye mwenye hapa."

Mashimo yalikuwa matupu. Ngiri walikuwa wameyafagia vizuri, hayana hata jani. Sauti ikaenda, ikagonga mwisho, ikarudi: mwenye hapa, mwenye hapa, hapa, hapa.

Kiboko akashtuka kwa furaha. "Wananijibu." Akanguruma tena, "Kiboko ni mzuri." Yakarudi: mzuri, mzuri, zuri. "Kiboko hana mfano." Yakarudi: mfano, mfano. Akawaambia ngiri, "Mnaona? Fuko alikuwa nao miaka ishirini, wakawa wanabishana naye kila siku. Mimi siku moja tu, wamekubaliana nami wote." Ngiri wakatazamana, wakaendelea kufagia.

Tumwache Kiboko na watu wake. Twende kilimani.

Fuko alivuka mto juu ya gogo lililokuwa likielea, akafika kilimani, akala. Alikula kiazi cha kwanza akilia, cha pili akilia, cha tatu alikula tu. Alishiba kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, akajilaza, na shibe ikamwonea, maana sasa hakuwa tena na njaa ya kufikiria. Akaanza kufikiria wao.

Alfajiri alizinduka kwa mazoea, akafungua kinywa kuuliza. Akakifunga. Akalaza shavu lake chini.

Tu-tu-tu.

Alikuwa Kanga, anauliza nani hayupo. Ikaja ndu, cha. Ikaja ti. Wakaja wengine, mmoja mmoja, na Fuko akawahesabu kama alivyowahesabu miaka ishirini. Hakupungua mtu. Akasema moyoni, alhamdulillahi, wapo, sasa naweza kulala.

Lakini kukawa kimya. Halafu tena: tu-tu-tu.

Fuko akainua kichwa. Kanga anauliza mara ya pili, kuna mtu hajajibu. Wakagonga upya wote, naye akahesabu upya, kwa wasiwasi sasa. Kanga yupo. Nungunungu yupo. Digidigi yupo. Wa bondeni wapo, wa miibani wapo. Kila mmoja yupo. Mbona Kanga ananyamaza kama anayengoja mtu? Nani hayupo?

Kisha akasikia nyayo. Watatu walikuwa wameondoka. Mmoja mwepesi, mmoja anaburuta miiba, mmoja mdogo anarukaruka. Walikuwa wanakuja upande wa mto, upande wa kilima, upesi, kama watu wanaokwenda kumnasua mtu.

Hapo ndipo Fuko alipoelewa. Asiyejibu alikuwa yeye.

Watafika mtoni, na mtoni kuna Kiboko, na Digidigi hajui kuogelea. Mdomo alikuwa ameuapia. Makucha alikuwa ameyaapia. Akakumbuka kwamba kuna kitu hakuna aliyekitaja siku ya kiapo. Akainamisha kichwa chake kidogo, akapiga paji la uso chini.

Ndu.

Zile nyayo zikasimama.

Akapiga tena, asije akawa hakusikika. Ndu. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa paji la uso, mzee yule alisema: nipo.

Kisha ardhi ikagonga yote kwa pamoja, bila zamu, kila mguu na mlio wake, mpaka viazi vikacheza mashinani mwake. Na zile nyayo tatu zikageuka, pole pole, zikarudi nyumbani.

Mafunzo ya ngano hii ni haya, na watoto myashike vizuri. Ukishauza kitu chako, kiage, geuka, nenda zako, wala usitege tena sikio huko nyuma. Na mtu mkubwa akikuambia habadilishi kitu, mwamini. Kiboko alisema kweli tupu. Mashimo yapo mpaka leo, vile vile, masafi, na kila alfajiri yanamwambia ni mzuri.

Ngano yangu naitua hapa. Palipopendeza ni penu, palipochosha mpelekeeni Kiboko.