Tonge la Kwanza la Sultani

Sultani Bwengo alinenepa hata farasi wake akawa anajificha akimwona. Akamwita Bi Nyamvua, tabibu wa mji.

"Niandikie kitabu cha afya, nikonde! Lakini ukinikataza hata chakula kimoja, kichwa chako halali yangu."

Bi Nyamvua akaandika mstari mmoja tu: "Kula chochote utakacho, ila tonge la kwanza alionje anayekitamani kiti chako cha enzi, maana mtia sumu haonji sumu yake."

"Hapo umenena!" Sultani akashangilia, kwani sumu aliiogopa kuliko kifo chenyewe.

Pilau ikaletwa.

"Haya, nani anakitamani kiti changu? Aje aonje!"

Waziri akatazama dari. Mdogo wake Sultani akashikwa na tumbo ghafla. Sinia likarudi jikoni halijaguswa, na kesho yake vivyo hivyo. Sultani akabaki kuzunguka bustanini, akila mapapai aliyoyaangua kwa mkono wake. Mwezi haukuisha, akapanda farasi.

"Bi Nyamvua, nimekonda! Lakini mbona wewe umenenepa hivyo?"

"Bwana wangu, mimi kiti chako sikukitamani. Nilitamani yale masinia yaliyokuwa yakirudi jikoni."