Hakuna Njia Fupi Kuliko Yako

Hapo zamani za kale, watoto, kabla kunguru hajajifunza kuiba sabuni, mbayuwayu alikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa hapa, chini ya jabali. Nyingine ilikuwa Upande wa Pili wa dunia, kule ambako hapa kukipambazuka, kwao jua linazama. Ni mbali kiasi gani? Ungesimama mlangoni kwa mbayuwayu ukachimba shimo kwenda chini, ukachimba, ukachimba mpaka ukatokea, ungetokea jikoni kwake.

Kila mwaka wadudu wakiisha hapa, mbayuwayu walihamia kule. Mwaka huo Bi Mbayuwayu alikuwa na kinda mmoja tu, Kidawa, ambaye mabawa yake ndiyo kwanza yamekomaa.

Siku ya safari, Kidawa alikuwa anafunga chungu kwa kamba aliposikia, "Hodi!" Ukuta ukatikisika.

Alikuwa Bwana Tai. Nyuma yake walisimama Korongo na Mbuni.

"Bi Mbayuwayu," alisema Tai, "kuanzia leo anga lina malango. La mashariki ni langu. Kaskazini wanakaa wakwe zangu, kwa hiyo na huko ni kwangu. Magharibi ni kwa Korongo. Kusini ni kwa Mbuni."

"Mbuni?" Kidawa aliropoka. "Mbuni si haruki!"

"Nimeona wenzangu wakiruka," alijibu Mbuni. "Inatosha."

"Ushuru ni kinda mmoja kwa kila nyumba," Tai aliendelea. "Atabaki kwa mwenye lango. Atapika, atafagia, atatuchambua manyoya. Chagua lango, toa kinda, upite."

Chungu kilimponyoka Kidawa. Paa! Vipande vikatapakaa sakafuni. Alimtazama mama yake. Kinda wa nyumba hiyo alikuwa yeye peke yake. Na kubaki hakuwezekani, maana wadudu walishaisha, na mbayuwayu hali kitu kingine.

Mama hakulia. Alipangusa mdomo, akauliza kwa adabu, "Wakubwa zangu, msafiri huchagua njia fupi. Ipi ndiyo fupi?"

"Ya mashariki," alisema Tai. "Babu yangu alisema."

"Babu yako alikuwa haoni!" Korongo alidakia. "Ni ya magharibi."

"Kusini," alisema Mbuni. "Kule ni mteremko mtupu."

"Mteremko angani?"

"Kwani wewe umefika?"

"Na wewe je?"

Wakaondoka wakisukumana, kila mmoja akielekea kwake.

"Twende, mwanangu," alisema mama.

Wakaruka, fyuu, mpaka kwa Tai. Mama akamsogelea sikioni.

"Mheshimiwa, mimi nasafiri kila mwaka. Nakwambia kweli: hakuna njia fupi kuliko yako."

Kifua cha Tai kikatuna. "Nilijua!"

"Basi kwa nini ugawane na wale wawili? Waite kichuguuni muape. Mwenye njia inayozishinda nyingine zote kwa ufupi, achukue malango yote. Ambaye njia yake haikuzishinda zote, aache lango lake wazi, bila ushuru, milele. Kisha tupime."

"Wewe una akili, bibie," alisema Tai.

Wakatoka hapo, fyuu, mpaka kwa Korongo. Mama akamnong'oneza, "Mheshimiwa, hakuna njia fupi kuliko yako. Ukiitwa kuapa, apa."

Kidawa alidhani hakusikia vizuri. Lakini walipofika kwa Mbuni, alisikia neno kwa neno: "Mheshimiwa, hakuna njia fupi kuliko yako. Apa."

Walipokuwa hewani tena, Kidawa alipiga kelele. "Mama! Umewaambia wote jambo moja!"

"Nimewaambia."

"Wawili kati yao wakijua umewadanganya, watatumeza!"

"Nisaidie kutafuta ukindu," alisema mama. "Mrefu, usiokatikakatika."

Sasa, watoto, kiapo cha ndege wa zamani kilikuwa hivi: ndege alijing'oa unyoya mmoja, akauchomeka juu ya kichuguu, akasema maneno yake. Akiyavunja, manyoya yake yote yaliyobaki yanapukutika. Hakuna aliyecheza na kiapo hicho.

Jua lilipofika utosini, ndege wote walikusanyika kichuguuni. Tai akajing'oa. Pwi! Akaapa. Korongo akajing'oa. Pwi! Akaapa. Mbuni akajing'oa, akapiga kelele, "Mama wee!" naye akaapa. Kila mmoja aliwatazama wenzake kwa huruma, kama anayetazama watu waliokwishafilisika.

"Dunia ni duara," alisema mama. "Sisi turukao juu tunaona ukingo wake umepinda. Bwana Tai, nenda shambani uchague mwenyewe tikiti. Chagua la duara hasa, wasije wakasema nimewachagulia."

Tai akaleta tikiti la duara kama mwezi mpevu.

"Hapa penye kikonyo ndipo tulipo," alisema mama. "Kule chini kabisa, lilipodondokea ua, ndipo Upande wa Pili. Kila mwenye njia apitishe ukindu wake kutoka hapa mpaka kule, aukate kwa mkasi."

Tai akapitisha wake upande wa mashariki. Kacha! Korongo akapitisha magharibi. Kacha! Mbuni akapitisha kusini, ulimi nje. Kacha!

"Wekeni pamoja."

Kidawa alifumba macho. Alisubiri kelele za mshindi. Hakusikia kitu. Akafumbua jicho moja.

Nyuzi zilikuwa sawa.

"Lahaula!" alisema Korongo.

"Mmekata vibaya!" Tai alifoka. "Rudieni!"

Wakarudia. Sawa.

"Pimeni kaskazini, kwa wakwe zangu!"

Wakapima kwa wakwe zake. Sawa.

"Pitisha mshazari!" alipiga kelele Korongo. "Katikati ya mashariki na kusini!"

Wakapitisha mshazari. Sawa! Mbuni alishtuka mpaka akameza uzi wake, na mkasi pia.

Umati wote ulisogea kulitazama tikiti. Hata Kidawa alisogea.

Tai akageuka. "Wewe! Uliniambia hakuna njia fupi kuliko yangu!"

"Hata mimi!" alisema Korongo. "Aliniambia mimi!"

"Na mimi," alisema Mbuni, kwa taabu.

"Niliwaambia wote watatu," alisema mama. "Aliyepata njia fupi kuliko yake, aseme."

Tii.

"Aliyezishinda nyingine, aseme."

Tii.

"Basi hakuna mwenye malango yote, na kila lango liko wazi. Mmeapa wenyewe."

Tai hakukubali. Aliruka kichuguu, akanyoosha kucha. Kidawa aliona zile kucha zikimjia, akajificha nyuma ya mama yake.

Pu! Unyoya mmoja ukaanguka kutoka mkiani mwa Tai. Pu! Pu! Miwili kutoka kifuani. Tai akatazama chini. Ngozi ya kifua chake ilionekana, nyekundu kama ya kuku wa supu. Akarudisha kucha polepole, akazikunja, akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Piteni," alisema.

Njiani Kidawa aliuliza, "Mama, ulijuaje?"

"Mwaka juzi nilipitia mashariki. Mwaka jana nilipitia magharibi. Kila mara nilifika na njaa ileile."

"Sasa sisi tupite wapi?"

"Ukienda mahali palipo kinyume kabisa na ulipo, mwanangu, njia za pande zote ni sawa. Chagua wewe."

Kidawa alichagua kusini. Alipita chini, juu kidogo tu ya kichwa cha Mbuni, aliyekuwa amekaa langoni kwake akisubiri mkasi utoke.

Nami naishia langoni hapo, watoto, na mkumbuke: anayetaka malipo kwa ajili ya njia, mwulize kwanza kama amewahi kuipita.