Bibi, Paka na Jani la Mshubiri

Ndugu zangu, kabla hatujatawanyika nipeni dakika chache. Na wewe uliyeegemea nguzo kule nyuma, macho yako nayaona, utasinzia nyumbani.

Palikuwa na bibi mmoja mjane. Watoto wake wanne walikwishatawanyika, kila mmoja na dunia yake, na mumewe alipofariki alimwachia paka tu. Paka mzee, sikio limechanika, ambaye marehemu alikuwa akimmegea samaki wake kila mchana. Bibi akila, paka yupo. Akiswali, paka yupo kando ya mswala. Nyumba ile haikuwa na pumzi nyingine.

Dirishani bibi alipanda mshubiri kwenye kopo la rangi, nao ndio ulikuwa hospitali yake. Akiungua jikoni, anapaka. Tumbo likifunga, anakunywa. Wanawe wote aliwaachisha ziwa kwa kujipaka shubiri kifuani.

Siku moja jirani yake, mwanamke kijana, akapita akamkuta paka anatafuna ncha ya jani.

"Bibi, mzuie! Nasikia mshubiri unawadhuru paka."

Bibi akacheka. "Mwanangu, hii ni dawa. Imeniponya mimi mama yako hajazaliwa. Dawa itaua vipi?"

Je, alikosea kuiita dawa? Hakukosea. Shikeni hapo.

Kesho yake paka akatapika. Akaharisha, akajikunja chini ya kitanda, hata samaki hamtaki. Bibi akaingiwa na hofu, maana mumewe naye alianza hivyohivyo, kwa kukataa chakula. Akafanya nini? Akafanya ambalo mimi na wewe tungefanya. Akakata jani nene, akakamua utomvu, akampanua paka kinywa akamnywesha. Paka akamkwaruza mkono hadi damu.

"Najua ni chungu, baba," akambembeleza. "Vumilia upone."

Jioni akarudia. Asubuhi tena.

Siku ya nne jirani akamleta daktari wa mifugo. Daktari akampapasa paka, akatazama majani yaliyokatwa, akauliza, "Nani anampa hii?"

"Mimi, kwa mkono wangu, na dua juu yake."

"Bibi, kwako ni dawa. Kwa paka ni sumu. Kama ni lile jani tu alilotafuna mwenyewe, pengine angepona."

Bibi akautazama mkono wake wenye mikwaruzo mibichi. "Kumbe alikuwa ananikataza," akasema. Paka akafa mapajani mwake kabla ya adhuhuri.

Msimcheke bibi wa watu. Sisi tulilelewa kwa maneno makali. Tuliitwa wajinga mbele ya wageni, tukakaza meno, tukawa watu. Sasa tunaye mtoto ndani, tunamnywesha yaleyale. Akinyamaza, tunamwongezea. Akikataa kula, akijifungia chumbani, tunamwongezea. Siku akitujibu kwa ukali tunasema hana adabu, na kipimo tunakizidisha. Nani kati yetu amewahi kumuuliza, "Mwanangu, haya ninayokuambia yanakufanyaje?"

Mkirudi leo, muulizeni. Kisha mnyamaze mpaka ajibu, hata ikichukua siku nzima. Msijitetee kwamba mnampenda. Bibi yule alipenda kwa moyo wake wote, na kaburi la paka wake alilichimba mwenyewe.