Mbwa Aliyepotelewa na Harufu ya Wanawe

— Naja na ngano.
— Njoo nayo, tumekaa.
— Ina miguu minne.
— Basi itafika upesi.
— Ina kilio ndani yake.
— Nasi tuna viganja vya kufutia.

Haya. Hapo kale, si kale ya juzi, ile kale ambayo hata babu zenu walikuwa hawajaanza kutudanganya kuhusu ujana wao, mbwa walikuwa wanasema. Walisema kama mimi na wewe. Wengine walisema kunipita mimi, ingawa mke wangu hakubali kwamba kiumbe wa namna hiyo amewahi kuishi.

Nimetembea mimi. Nimelala Kigoma, nimelala Lindi, nimelala Bukoba, na kila nilikolala nimeuliza swali moja: kwa nini mbwa mama, mwenye huruma yote ile, mara nyingine humgeukia mwanawe mchanga akamdhuru? Kila mahali watu wamenijibu, na kila mahali mbwa wao wamenikimbiza. Jibu hili la leo nilipewa na mama mmoja huku ananifunga kitambaa kisiginoni. Mbwa aliyening'ata alikuwa wake. Sikuwa na pa kwenda, nikasikiliza mpaka mwisho. Nanyi sikilizeni.

Palikuwa na kijiji mlimani, Kwemzinga. Migomba huku, mahindi kule, kijito katikati. Hapo aliishi mwanamke aitwaye Namkunda, na mumewe Senkondo, na mbwa wao jike. Senkondo alikuwa mtu wa kuwinda, leo yupo, kesho yuko porini. Nyumba ikabaki na Namkunda na mbwa. Wakila pamoja, wakiota jua pamoja, wakisengenya majirani pamoja. Namkunda akamwita yule mbwa Mwenzangu, na jina likakaa.

Namkunda hakuwa na mtoto. Miaka minane ya ndoa. Kila mwaka, mbegu za nyonyo zikikauka, alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akapata kibuyu kidogo cha mafuta kwa ajili ya mtoto wake atakayekuja. Mwaka ukaisha, mtoto hakuja, mafuta akampa jirani aliyezaa. Mwaka wa pili hivyo. Mwaka wa tatu hivyo. Vibuyu vinane vilitoka nyumba ile, vikapaka watoto wanane wa watu wengine, naye akiwapa huku anacheka. Mnakijua kile kicheko. Mtu anacheka, kisha anakwenda nyuma ya nyumba kuangalia kuku ambao hawajapotea.

Sasa, Kwemzinga walikuwa na desturi yao. Mwanamke akijifungua, anakaa ndani nyuma ya pazia la majani makavu ya mgomba. Siku sita mtoto hashikwi na mtu ila mama yake na mkunga. Siku ya saba mama akikubali, wanawake wote wanakuja. Wanamwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu. Wanampaka mafuta ya nyonyo. Wanampitisha kwenye moshi wa kivumbasha, yale majani yenye harufu kali. Kisha anapakatwa kwa zamu, paja hadi paja, mpaka anamrudia mama yake ananukia kijiji kizima. Hapo wanasema: huyu sasa ni wetu sote.

Na mwanamke anayemshika mtoto wa mwenziwe bila mama kukubali, huyo hapewi tena mtoto wa mtu ampakate. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Mpaka anazikwa.

Mmelishika hilo? Lishikeni.

Basi Mwenzangu akashika mimba, akazaa. Akazaa kwenye kona ya jiko, juu ya majani makavu ambayo Namkunda mwenyewe alimtandikia. Akazaa watoto watatu. Mmoja mweusi, mmoja wa kahawia, mmoja mweupe mwenye doa sikioni. Wadogo, macho yamefumba, wanatetemeka kama maji ya sufuria yanayotaka kuchemka.

Siku ya kwanza Namkunda akachuchumaa pembeni, akauliza kama anaweza kumshika mmoja, kidogo tu. Mwenzangu akamwambia ngoja.

Siku ya tatu akauliza tena. Akaambiwa ngoja.

Siku ya tano akauliza tena, na safari hii alikuwa amekwisha kunawa mikono. Mwenzangu akainua kichwa.

"Namkunda, wewe unamjua mtu kwa uso. Mimi namjua kwa pua. Hawa bado hawajawa na sura kwangu. Wana harufu tu, na harufu yenyewe ni yangu mimi. Ngoja macho yafumbuke, watanijua nami nitawajua. Hapo utawapakata mpaka magoti yafe ganzi."

Namkunda akasema sawa. Alisema sawa kwa mdomo. Mikono haikusema kitu.

Siku ya saba ikafika. Asubuhi jua limetoka, Mwenzangu akajinyoosha, akasema anakwenda kijitoni kunywa maji, anarudi sasa hivi. Akatoka.

Namkunda akabaki na watoto watatu na ile siku ya saba. Kwao Kwemzinga siku ya saba ni siku ya saba. Akajiambia: miaka minane nimepakata watoto kwa zamu yangu, na zamu inakuwa fupi kila siku, maana mwenye mtoto yupo pale anakutazama. Leo ni nyumbani kwangu. Leo ni jikoni kwangu. Nitawatoa vizuri kama watoto wanavyotolewa, na Mwenzangu akirudi atafurahi.

Jamani, mimi siwezi kumcheka. Nimewahi kupanda basi siku mbili kwenda kumwona mtu aliyeniambia nisije.

Akapasha maji, akatoa kibuyu cha mafuta cha mwaka huu. Akamwogesha mweusi, akampaka mafuta, akampitisha kwenye moshi, akampakata, akamlaza mahali pake. Akamwogesha wa kahawia, akampaka mafuta, akampitisha kwenye moshi, akampakata, akamlaza mahali pake. Akamchukua mweupe mwenye doa. Akamwogesha, akampaka, akampitisha kwenye moshi, akampakata. Huyu hakumlaza. Huyu alimweka kifuani ndani ya kaniki yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane akafumba macho bila mtu wa kumwambia zamu yako imekwisha.

Mwenzangu akarudi. Akaingia jikoni kutoka kwenye mwanga mkali, haoni vizuri, akaitegemea pua kama siku zote. Pua ikamwambia: watoto wako hawapo. Pua ikamwambia: kuna vitu viwili vigeni vimelala kwenye kitanda chao. Vinanuka moto. Vinanuka mafuta. Vinanuka watu.

Mnataka niseme alichofanya? Mnakijua. Mama yeyote angefanya hivyo kwa nyoka aliyemkuta kwenye kitanda cha mwanawe. Alifanya upesi, mara mbili, kabla Namkunda hajapata sauti.

Kisha akaanza kutafuta. Akatafuta chini ya kinu. Akatafuta nyuma ya kuni. Akatoka nje, maziwa yanamdondoka, anaimba:

*Watatu niliwaacha, watatu siwaoni,*
*harufu yangu ya maziwa, nani kaitoa nyumbani?*

Namkunda alisimama pale pale. Mweupe alikuwa kifuani, anatafuta ziwa kwenye kifua kisicho na ziwa. Alitaka kusema. Akafungua mdomo, akaona wale wawili chini, akaufunga. Akajifunika kaniki vizuri.

Watu wakasikia wimbo, wakaja. Wakaona damu jikoni, wakaona mdomo wa mbwa. Habari ikapita nyumba kwa nyumba: mbwa wa Senkondo amekula watoto wake. Na habari ikipita nyumba tatu, hata mimi niliyeianzisha siitambui. Kufika juu mlimani, mbwa alikuwa amekula watoto wake na anamtazama mtoto wa fulani.

Wanaume wakaja na marungu. Senkondo mwenyewe, aliyerudi na ndege wawili tu begani, akasema inamuuma, lakini mbwa anayekula wa kwake atakula wa wenziwe. Wakamzunguka Mwenzangu uani. Yeye wala hakuwaona. Alipita katikati ya miguu yao, ananusa ardhi, anaimba:

*Watatu niliwaacha, watatu siwaoni,*
*harufu yangu ya maziwa, nani kaitoa nyumbani?*

Namkunda alikuwa mlangoni. Mweupe hakutafuta ziwa tena. Alikuwa anapumua kama mtu anayekumbuka kupumua. Namkunda akawatazama wanawake wamesimama pale na watoto wao, wengine migongoni, wengine wameshika kaniki za mama zao. Wanane kati ya watoto hao walikuwa wamepakwa mafuta ya vibuyu vyake. Akijua anachokwenda kupoteza, akatoka hadi katikati ya uwanja na kufungua kaniki.

"Marungu hayo nipigeni mimi," akasema. "Niliwashika. Mama yao alikataa mara tatu, mimi nikawashika. Nikawaogesha, nikawapaka, nikawatia moshi. Hakuwajua. Mimi ndiye niliyewafanya wageni."

Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake mbele, akamkumbatia. Hakufanya kwa ubaya. Lakini Namkunda aliona.

Bibi Nakijwa, mkunga wa kijiji, akasogea. Huyu alikuwa bibi mkavu wa maneno, na kila aliyesimama uani siku ile alipozaliwa alipokewa na mikono yake.

"Senkondo, weka rungu, utajiumiza," akasema. "Nawe mke wa Senkondo, uchungu wako tutausikia baadaye. Huyo mtoto ana njaa sasa. Lete majani aliyolalia mama yake."

Namkunda akaleta majani makavu ya kona ya jiko. Bibi akamwonyesha, Namkunda akamsugua mweupe. Akampeleka mbele ya Mwenzangu. Mwenzangu akanusa, akaonyesha meno.

Akarudi, akasugua tena, kwa yale majani ya chini yenye unyevu, yenye jasho na maziwa ya siku saba. Akampeleka. Mwenzangu akanusa, akanguruma.

Akarudi mara ya tatu. Akasugua tumbo, akasugua kisogo, akasugua nyuma ya masikio, taratibu, anaondoa kila kitu alichokiweka. Anaondoa moshi. Anaondoa mafuta. Anaondoa mikono yake mwenyewe. Akamlaza chini, akarudi nyuma hatua saba.

Mwenzangu alikuwa ameanza ule wimbo mara ya tatu:

*Watatu niliwaacha, watatu*

Akakatisha. Akanusa. Akanusa tena. Akamlamba mweupe usoni, akamlamba tumboni, akajilaza pale pale vumbini mbele ya wanaume na marungu yao, na mweupe akalipata ziwa. Uwanja mzima ukasikia anavyonyonya.

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha kushusha pumzi. Bibi Nakijwa hakucheka. Alijua kinachokuja. Maana mbwa alipomjua mmoja, aliwajua na wale wawili.

Mwenzangu akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Wale walikuwa wangu," akasema.

"Walikuwa wako," Namkunda akasema.

"Ulitaka nini kwao?"

Namkunda akatafuta jibu lenye heshima, hakuliona. Akasema la kweli.

"Nilitaka kujua uzito wao tu."

Mwenzangu akamtazama. Si kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alimtazama kama unavyomtazama ndugu yako mko ng'ambo mbili za mto uliofurika. Kisha akamshika mweupe kwa meno, polepole, akaenda naye chini ya ghala ambako mkono wa mtu haufiki. Na lile swali alilouliza ndilo neno la mwisho ambalo mbwa amewahi kumwambia mtu. Mbwa wote wakanyamaza siku ile. Waliambiana kwa pua, na habari ya pua haipotoki njiani kama yetu.

Tangu hapo mbwa jike akikaribia kuzaa anatafuta shimo, anatafuta uvungu, anatafuta giza. Na ukimfuata huko na mikono yako yenye upendo na sabuni, ile hofu ya Mwenzangu inamrudia. Pua inamwambia hawapo, ni wageni. Naye hana tena maneno ya kukwambia ngoja. Ukisikia mbwa amemdhuru mwanawe, usikimbilie rungu kabla hujanusa viganja vyako.

Mnauliza habari za Namkunda? Hakupigwa. Senkondo alimpikia uji mwenyewe siku zile, na ulikuwa uji mbaya, akaunywa. Lakini siku ya saba ya watoto wa watu alikaa kwake. Desturi ilikuwa desturi. Aliendelea kukamua mafuta ya nyonyo kila mwaka, akayaweka kwenye milango ya waliozaa, akabisha hodi na kuondoka kabla hawajafungua.

Mchana alikaa kwenye kigoda karibu na ghala. Si karibu sana. Mwenzangu akaja kumzoea tena, akaja kulala miguuni pake, maana mbwa wana moyo huo, sisi hatuna. Namkunda akamweleza habari za kutwa: jirani kafanya hivi, mahindi yamefika hapa, bwana kaja na ndege mmoja. Akamaliza, akanyamaza, akamtazama machoni. Kesho yake akaeleza tena, akanyamaza tena.

Na mpaka leo mtembelee mtu yeyote mwenye mbwa, mkute wakati anadhani yuko peke yake. Utamsikia anasema naye. Anamwambia amechoka, anamwambia mvua imekawia, anamuuliza na wewe je. Halafu ananyamaza kidogo na kuinamisha kichwa, anangoja ajibiwe. Hata mimi, na mguu wangu huu uliofungwa, nilifanya hivyo kwa mbwa yule yule aliyening'ata.

— Ngano yangu imeishia hapo ilipochoka.
— Ilaze, tumeipokea.
— Aliyeipenda aende nayo kwake.
— Na asiyeipenda?
— Aniachie, nitalala nayo mimi.